Mlango Tayari

"Mlango!" Bibi Eila akalia tena, na mkono wake mmoja uliobaki mzima ukagonga chuma cha kitanda.

"Nimekusikia, bibi yangu," Colleen akamjibu. "Ndiyo kwanza nimekugeuza dirishani. Ubavu wa pili nao upumzike kidogo."

Kiharusi kilimwachia Bibi Eila Koskela nusu ya mwili, na ulimi kikautia kufuli. Katika nyumba ile ya wazee, pale Thunder Bay, ilibidi ageuzwe kwa zamu, mara aangalie mlango, mara aangalie dirisha, asije akaoza mgongo. Colleen aliijua kazi hiyo na aliipenda. Hakumburuta mtu, maana ngozi ya mzee ni ganda la kitunguu. Alimkunja goti, akamshika bega na nyonga, akambingirisha taratibu. Mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, visigino vikaachwa bila kugusa godoro. Akimaliza hurudi nyuma hatua moja, akamtazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyemvalisha nguo ya sikukuu.

Wiki hiyo dhoruba ya theluji ilifunga barabara, na nusu ya wafanyakazi wakakwama makwao. Ndipo neno lilipomrudia bibi. Neno lenyewe moja tu: mlango. Akigeuzwa mlangoni hulinong'ona, akigeuzwa dirishani hulipigia kelele.

"Dirisha kagoma uji leo," alisema Rhonda, mwenzake wa zamu, ambaye huko wodi ya chini alikotoka waliwaita wagonjwa kwa mahali pa vitanda vyao. "Ila mdomo huo! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu nimpokee Bi Pelletier kitanda cha mlangoni, huyu naye kawa msemaji."

Bi Pelletier aliletwa chumbani humo kutoka hospitali siku dhoruba ilipoanza, nyonga imeshonwa, mfuko wa mkojo unaning'inia ubavuni mwa kitanda. Yule mama hakuwa na neno. Pazia lake lilifungwa kutwa, redio yake ndogo ikiimba Kifaransa, na supu alilishwa na dada wa jikoni. Kwa utaratibu wa nyumba ile, aliyempokea mgonjwa ndiye wa kumgeuza, na mgonjwa mpole kama huyo ni baraka wiki ya dhiki.

"Msemaji wapi! Huyu anamngoja mwanawe," Colleen akasema. "Wayne yuko barabarani anasukuma theluji. Mama wa watu anausikia upepo huo, unadhani moyo unatulia? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mwana mwenyewe hajakanyaga hapa tangu Krismasi."

"Mpumbavu yule. Atakuja kumlilia akiwa sandukuni."

Hasira hiyo ilikuwa na mizizi. Mama yake Colleen alikata roho akiutazama mlango mtupu, na Colleen hakuwahi kujisamehe. Akaapa kwamba huyu hatakufa hivyo. Akampigia Wayne simu.

"Kaka Wayne, mji mzima unaufungulia njia. Ya kwenda kwa mama yako ndiyo imekushinda?"

"Nakuja leo, dada," Wayne akasema.

Kutwa hiyo waliendelea kukimbia, Colleen na Rhonda, kila mmoja na wagonjwa wake, wakiulizana ukumbini bila kusimama, kama kila siku tangu dhoruba ianze.

"Mlango?" Rhonda akauliza, mikono imejaa mashuka.

"Mlango tayari," Colleen akamjibu, maana ndiyo kwanza alikuwa amemgeuza bibi huko.

"Mungu akubariki, shoga. Wewe ni mtu na nusu."

Colleen akacheka na kupitiliza. Chumbani mwa bibi palikuwa na harufu iliyomchefua tangu jana. Akalilaumu bomba la bafuni, akapuliza manukato.

Alasiri Wayne akatokea, theluji imemganda ndevuni, mkononi ana mkate wa iliki aliousuka mwenyewe kama mama yake alivyomfundisha. Colleen alikuwa amemlaza bibi akiangalia mlango kwa makusudi, mito yote mahali pake, nywele amemchana. Alijisikia kulia kwa furaha.

"Haya bibi, mlango si huo? Na uliyekuwa unamngoja si huyu?"

Wayne akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama. Nisamehe, mama."

Bibi Eila hakumtazama. Alimwekea kiganja shavuni, Wayne akafumba macho, na kiganja kile kikamsukuma uso pembeni kama mtu anayeondoa kitu kilichomkinga. Kisha mkono ukanyooka juu ya bega la mwanawe.

"Mlango," akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nimeshaingia, mama. Niko hapa."

"Mlango!"

Colleen akakifuata kidole kile. Hakikuelekea mlangoni. Kiliishia njiani, kwenye pazia lililofungwa.

Rhonda alikuwa anapita ukumbini.

"Rhonda! Bi Pelletier umemgeuza lini mara ya mwisho?"

"Mimi?" Rhonda akasimama kwenye kizingiti, mashuka kifuani. "Tangu dhoruba ianze, si kila nikitaka kuja kumgeuza unaniambia mlango tayari?"

Redio ilikuwa inaimba. Colleen akalivuta pazia, na harufu ya iliki ikamezwa na ile ya tangu jana.