Marufuku ya Majina

Saa mbili asubuhi Kiilu alipiga marufuku majina.

Alikuwa karani wa rekodi katika zahanati ya Kwa Ndululu, huku milimani karibu na Nunguni, na hadi jana yake alikuwa akiita wagonjwa kwa sauti ya mhubiri wa krusedi. "Katunge wa vidonda vya tumbo, ingia!" Soko zima lilijua habari za tumbo la Katunge. Mwaka uliopita alipelekwa mjini Wote kwa semina ya siku mbili kuhusu ulinzi wa data za wananchi, akarudi na kofia na bango. Kofia aliivaa. Bango alizibia dirisha lililovunjika kioo.

Sasa alikuwa amelibandua na kulipigilia mlangoni.

"Jina ni data ya mtu," alimnong'oneza Gakenia. "Leo tunaita namba peke yake."

Gakenia alikuwa muuguzi aliyehamishwa kutoka Murang'a wiki tatu tu zilizopita, na bado alikuwa akimsoma huyu mwenzake. Juzi hotelini Kiilu aliacha chai na chapati mezani akatokea mlango wa jikoni, kisa mama mmoja mwenye kikapu alikuwa akiingia. Gakenia akadhani ni tumbo. Leo alikuwa amempa orodha ya wagonjwa wa macho. Kiilu aliisoma vizuri mpaka chini ya ukurasa, mara akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Ndipo marufuku ikazaliwa.

Haikuishia kwa namba. Alifunga shuka la wodi katikati ya chumba, yeye na meza upande mmoja, wagonjwa na benchi upande wa pili. Kufika saa tatu alikuwa ameacha kuongea kabisa. Aliandika vikaratasi na kuvipitisha chini ya shuka. SAUTI PIA NI DATA, kilisema kimoja.

"Mimi nilibatizwa!" alifoka mzee Kasyoki, namba tisa. "Mimi si ng'ombe ya mnada!"

Lakini hakuondoka. Madaktari wa macho walikuwa wametoka mbali, walikuwapo leo tu, na saa kumi na moja gari lao lingerudi. Wa kukosa leo angengoja mwaka mzima.

Namba kumi na saba alikuwa mama mzee, Syombua, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Aliketi mwisho kabisa wa benchi, ameligeuzia shuka mgongo.

"Niko na mjukuu wa miaka miwili," alimwambia Gakenia. "Namjua kwa kumshika pua tu. Nataka nimwone kabla Mungu hajaniita. Wanasema hiyo pua si ya kwetu, ni ya yule mwingine."

"Yupi, shosho?"

"Yule." Akakohoa kidogo. "Huko nyuma ya shuka kuna nani?"

"Siruhusiwi kusema. Ni data."

"Hapo mmefanya vizuri," alisema Syombua, akavuta leso akajifunika uso mzima. Gakenia akadhani ni mwanga unaomchoma macho.

Saa kumi kasorobo alikuwa amebaki Syombua peke yake. Daktari Waithaka alitoka na fomu mkononi. Wengine wote walikuwa wameonyesha vitambulisho. Cha Syombua kilikuwa kimeliwa na mchwa, na kwenye picha kulikuwa kumebaki sikio.

"Siwezi kupasua jicho kwa kuangalia sikio," daktari alisema. "Fomu inataka mfanyakazi wa hapa athibitishe kwamba anamjua. Ni nani anamjua?"

Gakenia hakumjua mtu yeyote Kwa Ndululu. Aliligeukia shuka. "Kiilu, wewe umezaliwa hapa. Si useme tu!"

Kikaratasi kikatoka: NI DATA.

"Kiilu, hawa watu wanaenda! Mama wa watu abaki kipofu juu ya semina?"

Kiti kililia. Gakenia alichungulia akamkuta karani ameingia chini ya meza, orodha kichwani kama mtu anayenyeshewa. Alimkasirikia kweli. Kutwa nzima ameitii hii sheria yake, na sasa alitamani kulichana lile bango vipande vipande.

Daktari alifunika kalamu yake. Syombua alisimama akaanza kupapasa ukuta akitafuta mlango, na machozi yalikuwa yakimtoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Basi," alisema. "Msimlazimishe."

"Nauliza mara ya mwisho," daktari alisema. "Karani, huyu mama unamjua ama humjui?"

Kalamu ilisikika ikikwaruza chini ya meza, muda mrefu. Karatasi ikatokeza chini ya shuka, imelowa jasho. Gakenia aliiokota akaisoma kwa sauti:

"Namjua vizuri sana. Ndiye aliyemzaa mke wangu, na kwetu mtu haonani uso kwa uso na mama mkwe. Kesho mkimfungua bandeji, tafadhali niambieni mapema nipitie dirishani."