Maji ya Kumwogesha Mama

Asubuhi ya kuondoka kwenda kuhubiri Injili nchi ya mbali, Elirehema alimkuta mama yake, aliyepooza miguu, akisubiri kuogeshwa. Shangazi aliyeahidi kumtunza alikuwa hajafika, na nje mchungaji aliyekuja kumchukua kwa gari alishaanza kupiga honi.

"Mama, Bwana ameniita."

"Najua, mwanangu. Na mimi nimekuita mara tatu tangu alfajiri."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi Elirehema. Alijaribu kuomba, maneno hayakuja. Honi ikalia tena. Akaiweka Biblia juu ya sanduku, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akamimina maji kutoka jikoni kwenye beseni, akayagusa kwa kiwiko. Yalikuwa ya moto mno. Akapiga magoti kando ya beseni, akiyasubiri yapoe.