Nusu ya Usingizi

Siku hizi mgonjwa hapewi nusukaputi peke yake. Usingizi hugawanywa kwa watu wawili, kila mmoja akabeba nusu yake, na tangu hapo hakuna aliyelazwa akakosa kuamka. Kwa hiyo Bi Mwanjaa alipopasuliwa tezi ya shingo, mumewe, Mzee Shemdoe, alilazwa kitanda cha pili.

Waliamka salama. Muuguzi aliwauliza, kwa ajili ya utafiti, wameona nini huko.

"Giza tu," alisema mzee, "na huyu kunipiga mateke kama nyumbani."

Bi Mwanjaa hakucheka. "Baba Sikudhani, mbona hukumwitikia mtoto? Alikuwa amekushika kanzu."

Sikudhani walimzika kabla hajang'oa meno ya utoto.

Kidonda kilipopona, Bi Mwanjaa akawa anamtazama mumewe kila anapoinuka mkekani.

"Goti hilo linakutesa, mume wangu. Twende wakalipasue. Nitalala nawe."

Goti lilikuwa zima kabisa. Lakini mzee aliona kifurushi cha hospitali kimeshafungwa, na pindo la gauni dogo la Sikudhani limechomoza. Akasimama, akaanza kuchechemea.