Pamba Iliyoota Ukungu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sibishi. Mtaani kwetu kila nyumba yenye mzee hufuga sisimizi wa serikali kwenye boksi la kioo, maana anayeshindwa kuwatunza sisimizi haruhusiwi kukaa na mzee. Mama mkwe wangu, Bi Mashavu, alikuwa akiwawekea maji ya sukari kidogo tu kwenye kichupa, na kila mara akikichemsha na kubadili pamba inayoziba mdomo wake. Mimi nikaona aibu. Kwetu mgeni hapewi chai nusu kikombe! Alipokwenda msibani kwa wiki nzima, nikakijaza kichupa pomoni, nikastarehe.

Aliporudi tu, mkaguzi akabisha hodi. Ni kijana mmoja aitwaye Shemdoe. Akakuta maji ya sukari yamechacha na pamba imeota ukungu wa kijani.

"Bibi, fungasha. Gari la Makao ya Wazee liko nje."

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Nichukueni mimi, hata kukoroma nakoroma kizee."

Hakucheka. Bi Mashavu akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono.

"Siendi. Mama yako anakaa na nani, mwanangu?"

"Yuko Makao, bibi. Nilimpeleka mwenyewe, kazi zilinizidi."

"Na sisimizi wako?"

"Hao nimebaki nao, wazima kabisa! Kichupa chao nakiosha kila jioni kwa maji ya moto."

"Basi ukiugua, waambie wakukorogee uji."