Meza Fupi ya Mashine ya Randa

"Mbona mmeifupisha hivi?"

Shemeji hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti, spana mkononi, akikaza boliti ya mwisho kati ya nne zilizoishikilia mashine mpya ya randa juu ya meza yake. Meza yenyewe ilimfika Mlingoti juu kidogo ya magoti.

Jina la Mlingoti alipewa kwa urefu. Karakana ilikuwa yake na shemeji, kaka wa mkewe, mwaka wa ishirini sasa, na kila benchi mle ndani lilipigwa kwa kimo chake. Vidonda vya nyayo, vya kisukari, vilimlaza nyumbani wiki tatu. Siku hizi hata havimuumi, basi asubuhi hiyo akachukua fimbo, akajikokota hadi kazini bila kumuaga mtu.

"Utaizoea," shemeji akasema.

"Nizoee kuinama kama mtu aliyeangusha sindano?"

Shemeji akacheka, kicheko kikakatika njiani. Akalaza rula ndefu ya chuma tangu pale ubao unapoingilia hadi unapotokea, akachungulia mwanga chini yake, akageuza skrubu kidogo, akachungulia tena. Hapo ndipo Mlingoti alipoumia. Kitu cha muda hakipimwi hivyo.

Akatazama huku na huku. Kabati la zana limeshushwa. Vibanio, vilivyokuwa vikining'inia juu, viko usawa wa kiuno. Njia ya katikati imepanuliwa. Na pale mlangoni, kizingiti kimefunikwa kwa mbao za mteremko.

"Zile za nini?"

"Za... kupitishia mashine."

Mashine ya kubebwa na watu wawili! Mlingoti akamkumbuka Nusu Futi, fundi mfupi wa mtaa wa pili, aliyekuwa akiwabembeleza tangu mwaka jana aingie ubia. Kumbe wamesubiri augue, wakampimia huyo mfupi kila kitu.

Mkewe akaingia, tepu ya kupimia mkononi. Akasimama ghafla.

"Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu yangu. Na wewe tangu lini umekuwa seremala?"

Mke akamtazama kaka yake. Kaka akatazama sakafu.

"Hata wewe, mke wangu!" Akaigonga fimbo sakafuni. "Nani anachukua nafasi yangu?"

"Hakuna," mke akasema.

"Pisheni niijaribu."

Akawasha. Akainama, akasukuma ubao. Ulitokea upande wa pili laini kama hariri, lakini mgongo ulimwaka, hakuweza kuupokea vizuri. Ncha ikaliwa na visu. Akazima kwa hasira.

"Mnaona? Hii haikupimwa kwa mwili wangu. Mtajeni huyo mtu, la sivyo nazing'oa boliti zote nne sasa hivi!"

Mkewe alikuwa akiikunja na kuikunjua ile tepu, machozi yakimtoka bila sauti.

"Kaka," akasema hatimaye, "kilete."

Shemeji akaenda nyuma ya rundo la mbao, akarudi akisukuma kiti cha magurudumu, bado kimo kwenye nailoni. Akakifikisha mbele ya mashine. Kikaingia sawasawa.

"Daktari aliniita juzi," mkewe akasema. "Wanakata miguu Jumatatu. Yote miwili."