Nyama ya Wilmer

Chester alipiga chafya, na Mkubwa akaondoka.

Hakukimbia hata. Aligeuza zile pembe zake pana kama sinia za harusi, akawatazama baba na mwana, kisha akajipenyeza katikati ya misonobari na mwili wake wote ule uliozidi farasi. Tangu wafike huko juu ya mto, huyo ndiye musi, kulungu mkubwa wa misitu ya baridi, wa kwanza kuwaonyesha sura yake.

"Baba!" Fabian alinong'ona kwa uchungu.

"Sasa nifanye nini? Pua ni yangu, lakini chafya haina mwenyewe."

"Jana ulikohoa."

"Na juzi nani alikalia tawi likalia paa! kama bunduki? Tusitiriane, mwanangu."

Msituni hata kulalamika kuna mpaka wake. Kwao, mtu anayemwinda mnyama huyo hamtaji kwa jina, humwita Mkubwa tu. Hasemi "nitaua" kabla, wala "nimeua" baadaye, kwa kuwa mnyama husikia na majivuno humuudhi. Nyama huingia nyumbani kimyakimya. Huingia na kwa jirani aliyekosa kimyakimya vilevile, na anayepewa haulizi imetoka kwa nani. Anapika.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kila mwaka majani yanapopukutika, Chester na mwanawe walipanda boti, wakarudi mikono mitupu, wakakuta paja zima limening'inia bandani kwao.

"Limekuja," Poldine, mkewe Chester, angesema huku akijisugua bega. Bega hilo lilimsumbua kila msimu huo, mwenyewe akisema ni kuni. "Haya, naweni mle."

Kijijini kila mtu alijua mwenye shabaha ni nani: Wilmer, jirani yao. Tena Wilmer yuleyule aliyemposa Poldine ujanani akakataliwa. Chester aliitafuna nyama ile kama anatafuna kiatu. Fabian naye, kwa kuona haya, akawa anampasulia Wilmer kuni kila kiangazi, rundo baada ya rundo. Wilmer hakuuliza za nini. Alitabasamu tu, akamletea chai.

Lakini mwaka huu kuona haya tu kusingetosha. Baba yake Chester alifariki wakati wa baridi iliyopita, na karamu ya kumuaga, ambayo kwao hungoja msimu wa mawindo, ilikuwa imekaribia. Wageni wangekuja kwa boti kutoka vijiji vya juu na vya chini, na karamu ya namna hiyo bila nyama ya Mkubwa si karamu, ni kikao.

"Baba yangu haagwi kwa nyama ya Wilmer," Chester aliapa asubuhi ya kuondoka. "Heri wageni wale samaki."

"Basi nendeni mbali," Poldine alimjibu, akiwasukumia boksi la chakula. Alikuwa amewafungia mikate, samaki wakavu, chai na sukari ya kulisha jeshi. "Mpite kisiwa, mpite na mkono wa pili wa mto. Hapa karibu hakuna kitu. Na msirudi kabla ya Jumapili, hata mvua ikinyesha. Subira huvuta heri, mume wangu."

Boti ilipoacha ukingo, Chester alilengwalengwa na machozi. "Mama yako anatuamini sana," alisema.

Sasa chafya ilikuwa imeshapigwa, na mvua nayo ikaanza. Ijumaa Chester alikaa juu ya boksi, akavua buti na kumwaga maji.

"Turudi."

"Mama alisema Jumapili."

"Alisema kwa imani. Mimi sina tena hata soksi kavu." Akaitazama bunduki yake kwa muda. "Naona aibu, Fabian. Mzee yule alinilisha kwa shabaha yake mpaka nikaota ndevu. Leo namuaga kwa shabaha ya mwanamume mwingine."

Moyo ulimuuma Fabian kwa ajili ya baba yake, akakunja hema peke yake ili mzee apumzike.

Walipofika kona ya mwisho ya mto, moshi wa kijiji ukiwa tayari unaonekana juu ya miti, wakasikia mlio mrefu wa jike anayemwita dume. Ulitoka kwenye vichaka vya ukingoni. Chester akazima injini.

"Jike," alinong'ona.

"Hapana, Baba. Hilo ni baragumu la gome la mti. Kuna mtu anaita."

Uso wa Chester ukakunjamana. Hapakuwa na haja ya kumuuliza anamfikiria nani.

Mara dume akatokea kwenye mchanga, mkubwa ajabu, ananusa upepo. Fabian akainua bunduki. Pembeni yake, Chester alikuwa amejibana pua kwa vidole viwili, macho yamemtoka.

Mlio wa risasi ukapasua hewa. Mkubwa akapiga magoti, akalala.

Bunduki ya Fabian ilikuwa bado ya baridi mkononi.

Chester akaachia pua yake taratibu. "Wilmer," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa mara ya pili. Akavuta pumzi, akashika kasia. "Haya. Baba atakula alichojaliwa. Twende tukamsaidie jirani kuchuna."

Boti ikagusa mchanga. Vichaka vikatikisika, mtu akatoka, bunduki kwapani, baragumu mkononi, kitambaa cha jikoni bado kichwani.

"Nani kawaambia mrudi leo?" Poldine alinong'ona kwa ukali. "Mtanifukuzia wa pili!"