Sauti za Chini

Watu walishangaa Bi Sikudhani alipojitolea kusafiri na watafiti wa nyangumi, maana bahari ilimchukua mwanawe Shomari na haikumrudisha. Kazi zote za botini alizifanya vizuri, ila maji hakuyatazama.

Asubuhi moja nahodha alizima injini, na Lulu, kiongozi wa watafiti, akateremsha kinasa sauti baharini.

"Njoo usikie, mama," alisema, akimvisha vidude vya kusikilizia masikioni.

Mwanzoni ulisikika mvumo tu. Kisha kitu kikaita kwa sauti nene, ndefu, na kingine kikaitikia kwa sauti ndogo.

"Ni nyangumi na mtoto wake," Lulu alimweleza.

Bi Sikudhani alishika ukingo wa boti. "Mimi nilijua kule chini ni kimya," alisema. "Hicho kimya ndicho kilichokuwa kikininyima usingizi. Nikimuwaza mwanangu ndani yake."

Nahodha akauliza kama awashe injini.

"Bado, baba. Niacheni kidogo."

Akapiga magoti, akainama, akauzamisha mkono majini hadi kiwikoni, akatulia hivyo, kiganja wazi, kama mtu anayengoja kushikwa mkono.